Ruta mbili, kebo moja na printa iliyokataa kujibu

Simu iliita saa moja na dakika kumi asubuhi, tarehe 29 Juni. Kama wewe ni Mkenya unajua tarehe hiyo inamaanisha nini. Kesho yake ndiyo makataa ya kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA, na kila msee aliyekuwa akisema "nitafanya wikendi" tangu Januari sasa yuko kwenye foleni ya saiba. PIN imeandikwa kwenye kipande cha karatasi, neno la siri limesahaulika, na faini ya kuchelewa inaanzia Sh2,000.

"Kijana," mathe alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. Huo upole ndio ulionishtua. "Ile kazi yako ya jana haifanyi. Watu wamejaa hapa, ritani zinaingia vizuri, lakini karatasi haitoki hata moja. Kuja uone."

Mathe ana saiba mtaani Umoja, Nairobi. Duka la kwanza amekuwa nalo miaka. Mwaka huo alikuwa amechukua mkopo wa chama akafungua duka la pili ng'ambo ya barabara, kama mita 40 hivi ukipima kwa kebo. Aliweka kompyuta tano huko, kisha akahamishia huko ile printa yake kubwa inayotoa fotokopi, kwa sababu duka la kwanza lilikuwa limebana mpaka wateja wanakanyagana. Hesabu yake ilikuwa rahisi: msimu wa ritani ulipe sehemu kubwa ya ule mkopo.

Kazi yangu ilikuwa kuunganisha maduka hayo mawili. Intaneti ya fiba inaingia duka la kwanza tu, na hakutaka kulipia laini nyingine. Tuliafikiana Sh6,000 za mkono wangu, vifaa kando. Usiku wa tarehe 28 nilimwachia intaneti ikiwa inaruka kwenye zile kompyuta tano, nikapokea Sh3,000, nikaenda kejani nikilala kama mfalme.

Sasa nilikuwa ndani ya matatu saa moja na nusu asubuhi, nikijua vizuri kabisa kwamba nilichofanya usiku haikuwa kurekebisha tatizo. Nilikuwa nimelifunika blanketi.

Niseme ukweli kuhusu mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili wa diploma ya IT, karo iliponishinda. Tangu hapo najisomesha mtaani: kuvuta kebo, kufunga kamera, kuset ruta. Mwalimu wangu mkubwa ni YouTube. Shida ni kwamba YouTube hukufundisha jinsi ya kufanya kitu kikubali. Haikufundishi sana cha kufanya kikikataa. Hii ni hadithi ya asubuhi niliyojifunza hilo la pili, na ninaiandika kwa ajili ya kila kijana ambaye amewahi kuwekwa kati ya ruta mbili na mteja mmoja mwenye hasira.

Ruta ni kama mtu wa nduthi

Tuanze na misingi, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunaruka.

Ruta haijui safari nzima ya paketi. Inajua tu kituo kinachofuata. Fikiria mtu wa nduthi stejini Umoja aliyepewa mzigo wa Rongai. Yeye hafiki Rongai. Anaufikisha mjini, anampa mwenzake, na huyo mwenzake anaamua peke yake autume vipi. Ndani ya kila ruta kuna orodha inayosema: mzigo wa mtaa fulani upitishe mlango huu, wa mtaa ule umpe jirani yule. Hiyo ndiyo tunaita jedwali la njia. Mwisho wa orodha huwa kuna mstari mmoja wa jumla: kama hujui mzigo unaenda wapi, peleka huku. Kwa ruta nyingi za nyumbani na dukani, "huku" ni kwa kampuni inayokuuzia intaneti.

Mpaka hapo kila mtu anaelewa. Kinachosahaulika ni hiki: jibu nalo ni mzigo kamili. Kwa mtu wa kawaida, kufungua tovuti ni kitendo kimoja. Kwa ruta ni safari mbili, kwenda na kurudi, na ya kurudi inaamuliwa upya na kila ruta iliyo njiani. Mzigo ukifika Rongai salama haimaanishi kwamba mtu wa Rongai anajua Umoja iko wapi.

Ukishika hilo moja, umeshika nusu ya kazi.

Mpangilio wa maduka mawili

Nilitumia ruta mbili ndogo za MikroTik, kampuni ya Latvia ambayo vifaa vyake vinapendwa na mafundi wengi wa mtaani. Niite ya duka la kwanza ruta A, ya duka jipya ruta B.

Kosa la kwanza nilikuwa nimeliepuka, lakini nilitaje kwa sababu linawaumiza wengi. Nambari zinazoanza na 192.168 zilitengwa kwa mitandao ya ndani tangu 1994, na mtu yeyote duniani anaweza kuzitumia kwake bila kuomba ruhusa. Ndiyo maana ruta nyingi hutoka dukani zikiwa na nambari zilezile. Ukinunua mbili za aina moja na kuziunganisha bila kubadilisha kitu, maduka yote mawili yatakuwa 192.168.1 na kitu. Kompyuta ya duka la kwanza ikitafuta 192.168.1.50, itadhani iko hapo hapo chumbani na haitaiuliza ruta kamwe. Ni kama ploti mbili zenye jina moja na nambari za milango zilezile. Mtu wa kuleta gesi atabisha mlango usio wako siku nzima.

Kwa hivyo duka la kwanza nikaliacha na 192.168.1.x, duka jipya nikalipa 192.168.2.x. Ile kebo ya kati nikaipa mtaa wake mdogo: ruta A ni 10.10.10.1, ruta B ni 10.10.10.2, na maski ya 255.255.255.252, ambayo inatoa nambari nne tu, na mbili kati ya hizo ndizo unaweza kupatia vifaa. Kebo ina ncha mbili, kwa hivyo zinatosha.

Kwenye ruta B nikaandika njia ya jumla: chochote usichokijua, mpe 10.10.10.1. Nikaona nimemaliza.

Usiku wa blanketi

Nikiwa ndani ya ruta B nikapiga pingi kwa 10.10.10.1. Ikajibu. Nikapiga pingi kwa 8.8.8.8, ambayo ni huduma ya Google iliyo nje kabisa ya mtaa wetu. Ikajibu pia. Nikatabasamu. Nikaketi kwenye kompyuta mojawapo ya zile tano, nikafungua tovuti. Hakuna kitu. Nikapiga pingi kwa 10.10.10.1 kutoka kwa hiyo kompyuta. Kimya.

Hii hali huchanganya watu mpaka wanabadilisha kebo ambayo haina shida. Ruta inapata intaneti, kompyuta iliyochomekwa kwenye ruta hiyohiyo haipati. Inawezekanaje?

Angalia anwani ya mtumaji. Ruta B ikipiga pingi, inasema "mimi ni 10.10.10.2." Ruta A inamjua huyo, wanashiriki kebo, kwa hivyo inamjibu. Kompyuta ikipiga pingi, inasema "mimi ni 192.168.2.20." Paketi inafika kwa ruta A vizuri kabisa. Ruta A inataka kujibu, inafungua jedwali lake, inatafuta mtaa wa 192.168.2 na haiuoni. Inafuata mstari wa jumla: kama hujui, peleka kwa kampuni ya intaneti. Jibu linatoka nje kupitia fiba na kupotelea huko.

Kwa maneno mengine, kwenda kulikuwa sawa. Kurudi ndiko kulikokosa njia.

Je, usiku ule nililijua hili? Nilihisi. Lakini ilikuwa inakaribia saa tatu usiku, mathe alikuwa amesimama nyuma yangu na funguo mkononi, na nilikumbuka ujanja mmoja. Nikawasha NAT kwenye ruta B. NAT inafuta jina la kompyuta kwenye bahasha na kuandika jina la ruta. Kila kitu kikawa kinatoka kama 10.10.10.2, ambayo ruta A inaijua. Intaneti ikaruka. Makofi. Sh3,000.

Ujanja huo si kosa kila wakati. Kama duka la pili linataka kutumia intaneti pekee, watu wengi huishi nao miaka. Lakini unageuza duka lote kuwa mlango wa upande mmoja: walio ndani wanatoka, walio nje hawaingii. Na printa ilikuwa ndani.

Asubuhi ya foleni

Nilifika saa mbili na dakika chache. Dada anayefanya kazi duka jipya alikuwa akivuka barabara mbio na flash mkononi, kila mteja wa duka la kwanza akimaliza ritani faili inahifadhiwa kwenye flash, dada anaruka mtaro, anaichapisha kule, anarudi na karatasi. Wateja wawili walikuwa wameshaondoka kwenda saiba ya kona. Mzee mmoja aliniangalia mkoba wangu wa koleo, akauliza, "Wewe ndiye fundi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya," na kunigeuzia mgongo.

Niliomba mathe kompyuta moja ya duka la kwanza. Akanipa ile ya kona. "Una mpaka lini?" akauliza. Sikuwa na jibu, nikamwambia ukweli: "Mama, jana sikuimaliza. Leo namaliza." Hakusema kitu.

Kitu cha kwanza nilichojilazimisha kufanya ni kutogusa chochote. Ukianza kubadilisha mambo kabla hujajua paketi inafia wapi, utaongeza shida ya pili juu ya ya kwanza, na hutajua ni ipi uliyoitengeneza mwenyewe. Nikatoa kitabu cha mazoezi, nikachora maduka mawili na kila nambari. Kisha nikaanza kupiga pingi hatua kwa hatua, kutoka karibu kwenda mbali.

192.168.1.1, ruta ya duka nililomo: inajibu.
10.10.10.1, upande wangu wa kebo ya kati: inajibu.
10.10.10.2, upande wa pili wa kebo: inajibu. Kwa hivyo kebo ni nzima, na ruta B iko hai.
192.168.2.1, mlango wa ndani wa ruta B: kimya.

Ona hapo. Ni kifaa kimoja kile kile. Kinajibu ukikiita kwa jina moja, kinanyamaza ukikiita kwa jina lingine. Hapo tatizo haliwezi kuwa kebo wala umeme.

Pingi ni programu ya zamani sana. Iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mnamo Desemba 1983, na akaipa jina la ule mlio wa sona ya manowari: unatuma sauti, unasubiri irudi. Ni nzuri kwa kukuambia ndiyo au hapana, lakini haikuambii ni wapi mzigo ulipotelea. Kwa hilo unatumia tracert kwenye Windows, au traceroute kwenye Linux. Nikaandika tracert 192.168.2.50, nambari ya printa.

Hatua ya kwanza: 192.168.1.1. Sawa.
Hatua ya pili: anwani ya kampuni ya intaneti.
Halafu nyota, nyota, nyota.

Printa iko mita 40, nikichungulia mlangoni naona taa yake. Lakini paketi yangu ilikuwa imetoka kwa fiba ikielekea nje ya mtaa kuitafuta.

Nairobi kwenda Nairobi kupitia ulaya

Usicheke. Nchi nzima iliwahi kuishi hivyo. Kabla ya kituo cha kubadilishana data cha KIXP, ukiwa Nairobi ukimtumia barua pepe mtu wa Nairobi aliye kwa kampuni nyingine ya intaneti, ujumbe ulipanda setilaiti ukazuru ng'ambo kisha ukarudi hapa hapa. Kampuni hizo zilikuwa jiji moja lakini ruta zao hazikuwa na njia ya moja kwa moja kati yao, kwa hivyo kila moja ilifuata mstari wake wa jumla: kama hujui, peleka nje. KIXP ilifunguliwa mwishoni mwa 2000, ikafungwa kutokana na mvutano wa leseni, na ikarudi 2002. Tangu hapo mizigo ya hapa inabadilishwa hapa.

Na wakubwa pia huanguka. Mnamo 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima duniani kote kwa takriban saa sita. Amri iliyotolewa wakati wa ukarabati ilikata mtandao wao wa ndani, na ruta zao zikaacha kuitangazia dunia njia ya kuzifikia seva zao za majina. Mashine zilikuwa zinawaka. Njia ya kuzifikia ndiyo haikuwepo. Tofauti yao na mimi ni idadi ya wateja waliokuwa wakilalamika.

Vizuizi vitatu, kimoja nyuma ya kingine

Rudi dukani. Sasa nilijua cha kufanya: kuiambia ruta A kuwa mtaa wa 192.168.2 upo, na kwamba unapitia kwa jirani. Nikaandika njia kwa mkono. Mtaa: 192.168.2.0/24. Kituo kinachofuata: 192.168.2.1.

Ruta ikaiandika hiyo njia kama isiyofikika. Ilinichukua dakika kumi na kikombe cha chai ya kuletewa kuona ujinga wangu. Nilikuwa nimeiambia ruta A: ukitaka kufika mtaa wa 192.168.2, mpe mzigo mtu anayeishi mtaa wa 192.168.2. Lakini si ndiko haijui kufika? Kituo kinachofuata lazima kiwe jirani ambaye tayari mnashiriki kebo. Nikafuta, nikaandika 10.10.10.2. Nikapiga pingi kwa 192.168.2.1, ikajibu mara moja.

Printa bado kimya. Lakini safari hii tracert ilionyesha kitu tofauti: 192.168.1.1, kisha 10.10.10.2, kisha nyota. Mzigo ulikuwa umevuka barabara. Unafia kwa ruta B au mbele yake. Hapa ndipo watu hukata tamaa, wanasema "bado haifanyi," kumbe hali imebadilika kabisa. Ukirekebisha kitu na kosa likasogea mbele, umeshinda raundi moja. Usirudishe ulichobadilisha.

Kizuizi cha pili kilikuwa fayawoli. Ruta hizi zikitoka kiwandani, mara nyingi mlango wa kwanza huhesabiwa kuwa upande wa intaneti, yaani upande wa maadui. Chochote kinachotoka huko bila kuitwa kinatupwa. Usiku nilikuwa nimechomeka kebo ya kati kwenye mlango huohuo wa kwanza. Kwa hivyo ruta B ilikuwa inaliona duka la kwanza la mathe kama mtu asiyejulikana anayebisha usiku. Nikaondoa mlango huo kwenye orodha ya nje, na nikiwa humo humo nikazima ile NAT ya jana. Roho ilikuwa mkononi, maana NAT ndiyo iliyokuwa imebeba intaneti ya kompyuta tano zenye wateja watano. Nikamwita dada kwa simu: "Intaneti ipo huko?" Akasema ipo. Bila shaka ipo. Sasa ruta A ilikuwa inajua njia ya kurudi, kwa hivyo blanketi halikuhitajika tena.

Nikavuka barabara, nikaunganisha simu yangu na WiFi ya duka jipya, nikaiacha kaunta, nikarudi kupiga pingi kwa simu hiyo. Ikajibu. Kwa nini simu na si kompyuta? Kwa sababu Windows mara nyingi hunyamazia pingi inayotoka mtaa mwingine hata kama njia ni safi, na unaweza kupoteza saa nzima ukishtaki ruta isiyo na hatia.

Njia nzima ilikuwa wazi. Printa bado kimya.

Saa nne na nusu. Mathe alikuja akasimama karibu, hakuuliza kitu. Nikaangalia mchoro wangu. Simu katika mtaa ule inajibu. Kompyuta za mtaa ule zinachapisha bila shida. Ni printa pekee isiyojibu, na ni kwa watu wa mtaa mwingine pekee. Nikavuka tena barabara, nikabonyeza menyu ya printa mpaka ukurasa wa mtandao.

Anwani: 192.168.2.50. Sawa, niliibadilisha mwenyewe jana.
Maski: 255.255.255.0. Sawa.
Lango: 192.168.1.1.

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Printa ilikuwa imehama nyumba lakini bado inakumbuka geti la ploti ya zamani. Ilipohitaji kujibu kompyuta jirani ndani ya duka haikuhitaji geti, ndiyo maana huko ilifanya kazi. Ilipohitaji kujibu duka la ng'ambo, ilitafuta geti ambalo halipo tena upande wake, na jibu likabaki tumboni. Tangu nilipofungua ile njia, kazi zote za kuchapisha zilikuwa zinagonga mlango wake. Ilizisikia. Haikuwa na pa kupitishia jibu.

Nikaandika 192.168.2.1. Nikarudi mbio. Mathe mwenyewe akabonyeza kitufe cha kuchapisha, risiti ya ritani ya yule mzee aliyenigeuzia mgongo. Kimya kidogo. Kisha dada akatokea mlangoni ng'ambo, karatasi juu kama tikiti ya mechi.

Ilikuwa saa tano kasorobo.

Ukikwama, fuata mpangilio huu

Nimeuandika kwenye jalada la nyuma la kile kitabu cha mazoezi. Ukopie kama una kazi ya aina hii.

1. Chora kwanza. Kila ruta, kila mlango, kila nambari na maski yake. Kama mitaa miwili ina nambari sawa, acha kila kitu ubadilishe hiyo kwanza.

2. Angalia taa na kebo. Kebo ya kawaida ya mtandao isizidi mita 100 kati ya kifaa na kifaa.

3. Piga pingi kutoka karibu kwenda mbali, na ufanye hivyo ukiwa kwenye kompyuta, si ndani ya ruta tu. Ruta ikipata na kompyuta isipate, shuku njia ya kurudi.

4. Tumia tracert uone mzigo unafia wapi. Ukiona anwani mbili zilezile zinapokezana mpaka mwisho, hicho ni kitanzi: kila ruta inamwambia mwenzake "wewe ndiye unajua." Kila paketi hubeba hesabu ya hatua inayopungua kwa kila ruta, na ikifika sifuri inatupwa. Bila hesabu hiyo ingezunguka milele.

5. Fungua jedwali la njia la ruta zote mbili. Jiulize mara mbili: hii inajua kwenda? Na ile inajua kurudi? Kituo kinachofuata kiwe jirani wa kebo moja.

6. Kagua fayawoli na NAT. Kwenye ruta yenye intaneti, hakikisha NAT inauhudumia pia mtaa mpya. Wakati mwingine imeandikiwa mtaa wa kwanza pekee.

7. Malizia kwa kifaa chenyewe: anwani, maski, lango. Printa, kamera na rekoda ndizo husahaulika, kwa sababu mtu huziandikia nambari kwa mkono mara moja na kuziacha miaka.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Jaribu. Andika. Ndipo uende kwa kinachofuata.

Siku ya mwisho

Tarehe 30 nilikuwa pale kabla hawajafungua. Sikuitwa. Foleni ilikuwa mpaka kwa muuza mayai, na maduka yote mawili yalifanya kazi mpaka usiku wa manane. Mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisaidia watu kurudisha maneno ya siri, jicho moja kwa ruta A.

Walipofunga, mathe alinihesabia noti. Sh2,500.

"Ilikuwa imebaki tatu," nikasema.

"Mia tano ni ya wale walitoroka jana asubuhi," akajibu, bila hasira. "Hiyo juzi usiku ulijua haijaisha, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa na sababu zangu: usiku, uchovu, funguo mkononi mwake. Hazikutoka mdomoni.

Akafungua droo, akanipa karatasi tupu na kalamu ya wino mweusi. "Niandikie hizo nambari zote hapo, ile picha yako ya kwenye kitabu. Nibandike ukutani. Siku usipopatikana, fundi mwingine asianze kuniuliza maswali."

Nikachora tena, taratibu, maduka mawili na kebo katikati. Kwenye kila mshale wa kwenda nikaweka mshale wa kurudi. Karatasi hiyo bado iko ukutani juu ya ruta A, imefunikwa na selotepu. Na mwezi uliofuata alinipigia tena. Alitaka kamera kwa maduka yote mawili.